Raphael Lemkin, wakili aliyeipa jinai jina

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasoma sheria, mwaka wa pili, na kwetu ni Kigoma. Darasani tumeambiwa kwamba neno tunalolitafsiri "mauaji ya kimbari" lilibuniwa na wakili mmoja Myahudi aitwaye Lemkin, kisha mhadhara ukaendelea na mambo mengine. Mtu mmoja anawezaje kutunga kosa la jinai? Alikuwa nani hasa? Na kesi za Rwanda zilizosikilizwa Arusha zinamhusu vipi?

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo, nami nitayajibu yakiwa yamechanganyika hivyo hivyo, kwa sababu maisha ya Lemkin na neno lake ni kitu kimoja, na usipolijua neno lilikotoka hutaelewa kwa nini majaji wa Arusha walihangaika nalo vile. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi wananirudishia kosa lile lile kwenye mtihani: wanaandika kwamba mauaji ya kimbari ni mauaji makubwa sana. Sivyo. Shika hilo tangu sasa, mengine yatakaa mahali pake.

Raphael Lemkin alizaliwa tarehe 24 Juni 1900 katika shamba lililoitwa Ozerisko, karibu na mji wa Wołkowysk. Leo eneo hilo ni la Belarus. Alipozaliwa lilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na kati ya vita kuu mbili likawa la Poland. Baba yake, Józef, alikuwa mkulima, jambo la nadra kwa Myahudi wa huko, maana sheria za Urusi ziliwabana Wayahudi wasimiliki ardhi. Lemkin alikumbuka hadi utu uzima jinsi afisa wa polisi alivyokuwa akifika shambani kuchukua chake ili afumbe macho. Mama yake, Bella, alikuwa mtu wa vitabu, lugha na michoro, na ndiye aliyewafundisha wanawe watatu nyumbani. Siku moja mtoto alisoma jinsi Nero alivyowatupa Wakristo wa Roma kwa simba huku watu wakishangilia. Akamwuliza mama yake: kwa nini Wakristo hawakuita polisi? Mama naye akamwuliza kama anadhani polisi wangewasaidia. Mwaka 1906, Lemkin akiwa na miaka sita, Wayahudi waliuawa kwa makumi katika mji wa Białystok, si mbali na kwao. Swali la polisi halikuwa la vitabuni tena.

Sasa nenda Berlin, Machi 1921. Kijana wa Kiarmenia, Soghomon Tehlirian, alimpiga risasi barabarani mzee mmoja wa Kituruki. Mzee huyo alikuwa Talaat Pasha, mmoja wa watawala wa dola ya Uturuki wakati Waarmenia walipofukuzwa makwao na kuuawa kuanzia 1915. Mwezi Juni baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru Tehlirian. Lemkin, aliyesomea sheria katika chuo kikuu cha Lwów (leo ni Lviv, Ukraine), alimwuliza profesa wake mbona Talaat mwenyewe hakukamatwa na kushtakiwa kwa vifo vile vyote. Profesa akamjibu kwamba hakuna sheria ya kumshtakia. Akampa mfano: mkulima ana kuku wake, ameamua kuwachinja, hayo ni yake, jirani akiingilia, jirani ndiye mwenye kosa la kuvamia shamba la mtu.

Ukikulia kijijini mfano huo unauelewa mara moja. Nani atakuja uani kwako akuulize kwa nini umechinja jogoo wako? Ndivyo sheria ya mataifa ilivyokuwa: dola na raia wake, mkulima na kuku wake. Kijana yule hakukubali. Waarmenia si kuku, alisema. Na akabaki akishangaa inakuwaje aliyeua mtu mmoja anapandishwa kizimbani, na yule aliyeua watu milioni anatembea mitaani kama mstaafu.

Lwów ni mji wa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa sheria. Miaka michache kabla ya Lemkin, chuo hicho hicho kilimsomesha Myahudi mwingine, Hersch Lauterpacht, aliyekuja kuwa profesa Cambridge na kuchangia sana ile dhana ya "uhalifu dhidi ya ubinadamu". Wote wawili walikaa madarasa yale yale, wote walipoteza ndugu mikononi mwa Wanazi, lakini walipishana kimawazo. Lauterpacht alitaka sheria imlinde mtu mmoja mmoja, awe wa kabila lolote. Lemkin alisema watu wanauawa kwa sababu ya kundi walilozaliwa ndani yake, kwa hiyo sheria isiyolitaja kundi inafumba macho mbele ya sababu ya kifo. Ukiulizwa nani alikuwa sahihi, usikimbilie jibu. Mimi humpa haki Lemkin kwa kuwa alieleza kilichotokea kwa usahihi zaidi, na humpa haki Lauterpacht kwa hofu yake kwamba kuwagawa watu kwa makundi, hata kwa nia ya kuwalinda, kunaweza kuyaimarisha makundi hayo.

Lemkin alifanya kazi ya uendesha mashtaka Warsaw kuanzia 1929. Kazi nzuri, mshahara mzuri, jina linakua. Mwaka 1933, Hitler akiwa ameshika madaraka mwezi Januari, Lemkin aliandaa pendekezo kwa mkutano wa wanasheria wa jinai uliofanyika Madrid, Hispania. Alitaka ziwepo jinai mbili za kimataifa. Moja aliiita ushenzi: kuangamiza watu wa kundi fulani la kabila, dini au jamii. Nyingine aliiita uharibifu: kuteketeza sanaa na utamaduni wa kundi hilo. Serikali yake ilimzuia kusafiri. Karatasi yake iligawiwa mkutanoni bila yeye, na haikuzaa kitu. Mwaka uliofuata aliondoka kwenye uendesha mashtaka akafungua ofisi ya uwakili. Angalia tarehe hizo, mwanangu. Pendekezo lilikuwa mezani miaka sita kabla ya vita.

Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland. Lemkin alitoroka Warsaw kwa treni, treni ikapigwa mabomu, akaendelea kwa miguu porini pamoja na wakimbizi wengine. Katika mji mdogo mmoja alipewa hifadhi na mwoka mikate Myahudi. Lemkin akamsihi akimbie na familia yake. Mwoka mikate akakataa. Alisema Wajerumani anawajua: katika vita vya kwanza walikaa hapo miaka mitatu, maisha yalikuwa magumu, lakini walioka, waliuza, wakaishi. Mtu huyu hakuwa mjinga. Alikuwa anapima mambo kwa kipimo cha alichowahi kukiona, na jambo lililokuwa linakuja lilikuwa halijawahi kuonekana wala halikuwa na jina. Kila ninapofika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu wazee wengi wa Rwanda walikuwa na hesabu kama hiyo mwaka 1994. Wengine walikuwa wamenusurika 1959 na 1973 kwa kukimbilia kanisani, nao wakakimbilia kanisani tena.

Lemkin alifika Wołkowysk akakaa na wazazi wake siku chache. Nao hawakutaka kuondoka. Hakuwaona tena.

Kupitia Lithuania alifika Uswidi mwaka 1940, na huko Stockholm akaanza kazi ambayo kwangu ndiyo inayomtambulisha kama mwanasheria kuliko hotuba zake zote. Alianza kukusanya matangazo rasmi. Kila nchi ambayo Wanazi waliikalia walitangaza amri zao kwenye gazeti la serikali, kwa namba, tarehe na sahihi. Lemkin aliomba watu wamtafutie magazeti hayo, akayasoma moja baada ya jingine. Amri moja peke yake ilionekana kama urasimu tu: Mpoland wa eneo fulani asifunge ndoa bila kibali, mgawo wa chakula upangwe kwa asili ya mtu, Mjerumani juu kabisa, Myahudi chini kabisa, shule fulani zifungwe, watoto waliozaliwa na askari wa Kijerumani Norway na Uholanzi wapewe ruzuku. Lakini ukizipanga zote mezani, unaona mkono mmoja. Huku wanazuiwa kuzaliana, huku wananyimwa chakula, huku wanapokonywa lugha na mali, na mahali pengine wanapigwa risasi. Risasi ilikuwa njia mojawapo tu ya kulifuta kundi.

Mwaka 1941 alivuka Urusi nzima kwa reli hadi Vladivostok, akapanda meli kupitia Japani, akatua Marekani mwezi Aprili na masanduku yake ya karatasi. Profesa aliyewahi kushirikiana naye kutafsiri sheria za jinai za Poland alikuwa amemtafutia nafasi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina. Baadaye alihamia Washington kuishauri serikali. Alimwandikia Rais Roosevelt akimtaka atamke kwamba kuangamiza makundi ya watu ni jinai. Akajibiwa awe na subira. Agosti mwaka ule wa 1941, Winston Churchill alikuwa amesema redioni kwamba dunia iko mbele ya jinai isiyo na jina. Lemkin aliamua kuitafutia.

Jina lilitoka Novemba 1944, katika kitabu chake kikubwa kuhusu utawala wa Wanazi kwenye nchi walizozikalia, kilichojaa tafsiri za zile amri alizozikusanya. Alichukua neno la Kigiriki "genos", yaani asili au kabila, akaliunga na mzizi wa Kilatini wenye maana ya kuua, likawa "genocide". Ndilo neno ambalo majirani zetu Wanyarwanda wanaliandika jenoside. Alitaka neno fupi, jipya, lisilotumika kwa jambo jingine lolote, ambalo mtu akilisikia hawezi kulichanganya.

Hapa turudi kwenye Kiswahili chetu. Kwa muda mrefu magazeti yetu yalisema "mauaji ya halaiki". Halaiki ni umati, watu wengi. Neno hilo linahesabu maiti. Kisha likaja "mauaji ya kimbari", kutoka mbari, yaani ukoo, watu wa asili moja. Hatua kubwa hiyo, na aliyelipata neno hilo alimwelewa Lemkin: hoja si idadi, ni kundi. Lakini hata hili lina upungufu, na upungufu wenyewe ndio unaowaponza wanafunzi wangu, kwa sababu linaanza na "mauaji". Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 juu ya kosa hili, Ibara ya 2, unataja matendo matano. La kwanza ni kuua. La pili ni kuwadhuru vibaya watu wa kundi, mwili au akili. La tatu ni kuwawekea makusudi hali ya maisha itakayowamaliza. La nne ni kuzuia wasizaliane. La tano ni kuwachukua watoto wao kwa nguvu na kuwapa kundi jingine. Manne kati ya matano yanaweza kutimia siku ambayo hajafa mtu. Kinachoyaunganisha yote ni kusudio: nia ya kuliangamiza, zima au sehemu, kundi la kitaifa, la kikabila, la rangi au la kidini, kwa sababu ni kundi hilo. Aliyeua watu elfu kumi bila nia hiyo anaweza kuwa mhalifu wa kutisha, lakini kosa lake lina jina lingine. Na aliyeua wachache akiwa na nia hiyo ameingia ndani ya Ibara ya 2.

Vita vilipokwisha, viongozi wa Kinazi walishtakiwa Nuremberg. Lemkin alipigania neno lake liingie kwenye hati ya mashtaka, na liliingia. Akiwa huko Ujerumani ndipo alipopata habari za kwao. Jamaa zake 49 walikuwa wameuawa, wazazi wote wawili wakiwemo. Ndugu yake Elias, na mke na watoto wawili, ndio waliosalia. Hukumu ilisomwa mwisho wa Septemba na tarehe 1 Oktoba 1946, na ndani yake neno halimo. Zaidi ya hapo, mahakama ilijifunga kwenye makosa yaliyohusiana na vita, kwa hiyo waliyotendewa Wayahudi wa Ujerumani kabla ya 1939 yalibaki nje. Mkulima na kuku wake, tena. Lemkin alisema hiyo ilikuwa siku nyeusi kuliko zote maishani mwake.

Umeuliza mtu mmoja anawezaje kutunga kosa la jinai. Jibu la kisheria ni kwamba hawezi. Makosa ya kimataifa yanatungwa na mataifa. Lakini mataifa ni watu wanaopita kwenye korido, na Lemkin alihamia kwenye korido. Alifika New York mwishoni mwa 1946 bila cheo, bila nchi inayomtuma, bila bajeti. Akawashawishi wajumbe wa Cuba, India na Panama wawasilishe azimio. Angalia nchi hizo: hakuna hata moja kati ya wakubwa. Tarehe 11 Desemba 1946 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 96 likitamka kwamba kuangamiza kundi la watu ni jinai kwa sheria ya mataifa. Kisha ikaja kazi ngumu zaidi, ya kuandika mkataba. Lemkin alikuwa mmoja wa wataalamu watatu walioshauri rasimu ya kwanza. Waandishi wa habari wa siku zile walimjua kama mtu wa suti iliyochakaa na mkoba uliojaa karatasi, anayemvizia balozi mlangoni, anayemwandikia barua waziri wa nchi ya mbali kwa lugha ya waziri huyo. Wajumbe wengine walikuwa wakimwona wanabadilisha njia. Ninaamini hakuna mkataba mwingine mkubwa wa kimataifa unaodaiwa kwa mtu mmoja kiasi hiki.

Hakupata yote aliyoyataka. Kifungu cha kuangamiza utamaduni, yaani lugha, vitabu na nyumba za ibada, kiliondolewa. Nchi zenye makoloni na nchi zenye wenyeji zilizowanyang'anya ardhi zilikuwa na sababu zao za kukiogopa. Kilichosalia cha wazo hilo ni lile tendo la tano, kuchukua watoto. Makundi ya kisiasa nayo yalitolewa, na katika hilo Lemkin mwenyewe hakulalamika, kwani aliona chama ni kitu cha kuingia na kutoka. Mimi naona pengo hilo limegharimu watu wengi baadaye.

Mkataba ulipitishwa Paris, katika jumba la Chaillot, tarehe 9 Desemba 1948, bila kura hata moja ya kupinga. Kesho yake lilipitishwa Tamko la Haki za Binadamu, ambalo mwanasheria mwingine Myahudi, Mfaransa René Cassin, alilifanyia kazi kubwa. Waandishi walipomtafuta Lemkin usiku ule wamhoji, walimkuta amekaa peke yake gizani analia, akaomba wamwache. Mkataba ule aliuita maandishi ya kaburi la mama yake. Siku chache baadaye alilazwa hospitali, homa isiyojulikana chanzo.

Ili mkataba uanze kazi zilihitajika nchi 20 kuuridhia. Ya kwanza kabisa ilikuwa Ethiopia, tarehe 1 Julai 1949. Waambie wenzako darasani, maana mara nyingi tunazisoma sheria hizi kana kwamba zilishuka kwetu kutoka Ulaya. Ulianza kutumika tarehe 12 Januari 1951. Marekani, nchi iliyompokea Lemkin, ilikaa bila kuuridhia hadi 1988. Maseneta wa majimbo ya kusini waliogopa ungetumika juu ya yale waliyokuwa wakiwatendea raia weusi.

Na hapa lazima nikwambie lisilompendeza mtu anayempenda Lemkin, kama mimi. Mwaka 1951 Wamarekani weusi, wakiongozwa na William Patterson na Paul Robeson, walipeleka Umoja wa Mataifa ombi wakisema kwamba kuuawa kwao na makundi ya wazungu na kunyimwa maisha kunaingia ndani ya Mkataba. Lemkin aliwapinga hadharani, akasema wanachanganya ubaguzi na kuangamizwa. Alihofia Marekani ingekataa kuridhia. Marekani haikuridhia hata hivyo, na watu wale walinyimwa msaada wa mtu aliyestahili kuwasikiliza kuliko wote. Yeye huyo huyo, katika historia aliyokuwa anaiandika na hakuimaliza, aliweka sura juu ya Waherero walioangamizwa na Wajerumani Namibia ya leo kuanzia 1904. Alijua kwamba jambo hili lilimpata Mwafrika kabla halijafika Ulaya. Nimeshindwa kuyapatanisha mambo hayo mawili, nawe nakuachia kama yalivyo.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya dhiki. Alifundisha Yale, kisha Rutgers kwa muda, lakini kazi za kudumu zilimponyoka kwa sababu muda wake wote ulikwenda kwenye barua za kuzisihi nchi ziridhie. Hakuoa. Aliishi chumba kimoja Manhattan, akidaiwa. Alipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel, hakupata. Alianguka kwa ugonjwa wa moyo New York tarehe 28 Agosti 1959, akiwa na miaka 59, na mazishini walikuja watu wachache sana. Kaburi lake liko Queens, na jiwe lake linamtaja kuwa baba wa Mkataba huo.

Alipokufa, hakuna mahakama yoyote ya kimataifa iliyokuwa imemtia mtu hatiani kwa kosa alilolipa jina. Ilichukua miaka 39 mingine, na ikawa kwetu.

Baraza la Usalama liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda tarehe 8 Novemba 1994, na Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Walipanga ndani ya jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, lile lile unaloliona ukipita kwenda Sekei. Niliwahi kukaa mara kadhaa nyuma ya kioo kinachowatenganisha wasikilizaji na mahakama, na vipokea sauti masikioni: shahidi anazungumza Kinyarwanda nyuma ya pazia, sauti ya mkalimani inafuata sekunde chache nyuma, na kwenye kilio mkalimani ananyamaza.

Jean-Paul Akayesu alikuwa meya wa komuni ya Taba. Alikamatwa Zambia mwaka 1995, kesi ikaanza Januari 1997 mbele ya Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Uswidi na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Ushahidi ulionyesha kwamba hadi tarehe 18 Aprili 1994 meya huyu alijaribu kuzuia mauaji. Siku hiyo alikwenda mkutano na viongozi wa serikali ya mpito. Alfajiri ya tarehe 19, mahali paitwapo Gishyeshye, alisimama mbele ya watu akawataka waungane kummaliza adui mmoja tu. Wote waliokuwepo walielewa ni nani. Hivyo ndivyo kusudio linavyothibitishwa, mwanangu. Hakuna anayeandika nia yake kwenye karatasi. Unaisoma kwenye maneno, kwenye matendo, na kwenye nani aliachwa na nani alichaguliwa.

Kisha majaji wakakwama pale nilipokwambia watakwama. Mkataba unalinda kundi la kikabila, na maana ya kawaida ya kabila ni watu wenye lugha au utamaduni wao. Mhutu na Mtutsi wanazungumza lugha moja, wanasali kanisa moja, wanaishi kilima kimoja. Je, Watutsi ni kundi kwa mujibu wa Ibara ya 2? Wakili wa kuku angesema hapana, akafunga faili. Majaji walirudi kwenye majadiliano ya 1948 wakaona kwamba waandishi wa Mkataba walikusudia kulinda makundi ya kudumu, ambayo mtu anazaliwa ndani yake. Halafu wakatazama kitambulisho. Kabla ya 1994 kila Mnyarwanda alibeba kadi yenye mstari ulioandikwa "ubwoko", na mbele yake Hutu, Tutsi au Twa. Dola yenyewe ilikuwa imewaandika watu kwa makundi, na kwenye vizuizi vya barabarani mstari huo ndio ulioamua nani apite na nani achinjwe.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lingemliza Lemkin. Ubakaji haukuwemo kwenye hati ya kwanza ya mashtaka. Ulijitokeza kwa sababu mashahidi wanawake waliutaja wakiwa kizimbani, Jaji Pillay akiwa mwanamke pekee kati ya wale watatu, na Juni 1997 mashtaka yakarekebishwa. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilisema kwamba kuwabaka wanawake wa Kitutsi, kwa nia ya kuliangamiza kundi lao, ni sehemu ya kosa lenyewe: lile tendo la pili, kudhuru mwili na akili. Yaani hata mwanamke aliyetoka hai alikuwa ametendewa jinai hiyo. Akayesu alihukumiwa kifungo cha maisha, na siku mbili baada ya hukumu ya Taba aliyekuwa waziri mkuu, Jean Kambanda, aliyekiri kosa, naye akapewa maisha. Mahakama ilifunga milango mwisho wa 2015 ikiwa imewashtaki watu 93.

Ukipata nauli ya kuja Arusha, nenda Laki Laki, nje kidogo ya mji, ambako kumbukumbu za mahakama zimehifadhiwa. Hukumu ya Akayesu ni namba ICTR-96-4-T. Usianzie mwanzo, ni ndefu na itakuchosha. Soma aya ya 702 juu ya kitambulisho, kisha aya ya 731 juu ya wanawake wa Taba, halafu uifungue Ibara ya 2 uisome tena polepole, neno kwa neno. Ukikwama niandikie.